Safari Fupi Katika Nchi ya Theluji: Tujiandaeje?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini je, mgeni naye atapona iwapo mwenyeji wake anaishi kwenye barafu?

Swali hili si la mzaha nyumbani kwetu. Dada yangu anasomea uuguzi mjini Rovaniemi, kaskazini mwa Ufini, na mama atamtembelea kwa siku kumi mwezi wa Desemba. Mama ana pumu, na hewa baridi iliyo kavu hubana kifua cha mwenye pumu. Basi nimesoma na kuwauliza walimu wa fizikia na bayolojia, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, tuijue baridi yenyewe. Mwishoni mwa Desemba jua la Rovaniemi huonekana kwa muda wa saa mbili na ushei tu kwa siku. Zipo siku baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Friza ya kuhifadhia nyama huwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hivyo siku kama hiyo anayetaka joto angeingia ndani ya friza! Upepo nao huzidisha mambo. Ikiwa ni nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo unavuma kilomita 30 kwa saa, mwili huhisi kama ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Tusichanganye maneno pia: theluji huanguka kutoka angani ikiwa laini, barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu, na sakitu ni ule umande ulioganda juu ya majani.

Pili, mavazi. Hapa ndipo penye somo kubwa: nguo haina joto, joto ni lako mwenyewe. Funika jiwe kwa blanketi usiku kucha, asubuhi utalikuta baridi vile vile. Kazi ya nguo ni kunasa hewa ili joto la mwili lisitoroke. Ndiyo maana mavazi matatu yaliyovaliwa moja juu ya jingine hushinda koti moja zito. La ndani liwe la sufu, si la pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho ikabaki mbichi, na ubichi huiba joto. La kati liwe sweta nzito. La nje lizuie upepo na maji. Makoti ya namna hii si lazima yanunuliwe dukani kwa bei ya kuruka. Kule Gikomba mitumba mingi imetoka huko huko kwenye baridi.

Viatu viwe vikubwa kidogo, maana kiatu kinachobana huzuia damu. Glavu bora ni zile zisizotenganisha vidole. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kumbe hakijipashi joto pia! Mavin ifunike masikio, na skafu ifunike pua na mdomo ili hewa ipate joto kabla ya kufika mapafuni.

Tatu, stakabadhi na dawa. Viza ya Schengen huombwa angalau siku 15 kabla ya safari, na huhitaji bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Mwenye pumu amwone daktari mapema. Inhela isitiwe kwenye sanduku; isafiri kwenye mkoba wa mkononi, na huko nje ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Simu nayo vivyo hivyo, kwani betri huisha upesi kwenye baridi.

Nne, ukifika. Tembea kwa hatua fupi kama bata, usije ukateleza. Gizani vaa kiakisi cha mwanga ili madereva wakuone; ni sheria ya Ufini. Viatu huvuliwa mlangoni, kama kwa ndugu zetu wa Pwani.

La muhimu kuliko yote: vitabu husema ngozi inayoganda hugeuka rangi ikawa nyeupe. Kwa ngozi nyeusi kama yetu dalili hiyo haionekani upesi. Usingoje rangi, ganzi ndiyo kengele. Ingia ndani, usisugue, tia kidole katika maji ya vuguvugu, si ya moto. Ganzi isipotoka, piga 112.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini blanketi halipashi jiwe joto?
2. Eleza tofauti kati ya theluji, barafu na sakitu.
3. Kwa nini hatungoji rangi ya ngozi ibadilike?

Tahadhari kabla ya hatari, wenzangu. Kiswahili kitukuzwe!