Istilahi "Volkano Mfu" Mbele ya Sayari za Miamba

Vitabu vya jiografia aghalabu huigawa milima ya volkano katika makundi matatu: hai, iliyolala na mfu. Mgawanyo huu ni mwepesi kufundisha, ila huyumba pindi msomaji anapozitazama sayari nyingine za miamba.

Zuhura ni mfano mzuri. Mawingu mazito huifunika daima, na joto la uso wake hukaribia nyuzi 465 za sentigredi. Chombo cha Magellan kiliipiga picha kwa mawimbi ya rada mapema katika miaka ya 1990, na wengi wakazichukulia volkano zake kuwa masalia ya kale. Mnamo 2023, Robert Herrick na Scott Hensley walizilinganisha upya picha hizo. Walibaini kwamba tundu moja la mlima Maat Mons lilikuwa limepanuka kati ya Februari na Oktoba 1991, kutoka takriban kilomita mraba 2 hadi 4, na umbo lake la duara likavurugika. Maiti alikuwa amejigeuza, na ushahidi ukakaa kabatini miaka 30!

Katika Mirihi, Olympus Mons una kimo cha kilomita 22 hivi na upana wa takriban 600. Ganda la Mirihi halisogei vipande vipande kama la Dunia. Kwa hiyo zaha ilizidi kurundikana mahali pamoja. Baadhi ya zaha ya mteremkoni inakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni chache tu, muda ambao kwa sayari ni kama jana. Nani basi athubutu kuuita mfu?

Tatizo ni sitiari yenyewe. Kifo hakina marejeo, ilhali volkano ni njia ya sayari kupoteza joto lake la ndani, na joto hilo hupungua polepole mno. Mpishi wa Kiswahili hasemi kaa limekufa. Husema limezimika, au limefukiwa majivuni hadi alfajiri. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kingali kinafuka gesi katika shimo lake la Reusch: hilo ni kaa lililofukiwa. Mawenzi, jirani yake, imezimika.

Utaridi nayo, kwa udogo wake, ilipoa mapema. Tambarare zake pana za zaha nyingi zilitandazwa zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Hapo "kuzimika" kunafaa bila ubishi.