Usiingie Nyumbani Mwake
Somo la wiki: Kusudi la amri za Torati
Andiko: Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13



Nilipomaliza masomo ya biashara, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuatilia mikopo ya vikundi vya akina mama. Siku moja tulienda kwa mama mmoja, fundi wa nguo, aliyekuwa nyuma kwa malipo ya miezi miwili. Hatukungoja nje. Tuliingia, tukaangalia vitu vilivyomo, tukabeba cherehani. Hakubishana. Aliomba jambo moja tu, atoe kwanza sare ya shule iliyokuwa bado chini ya sindano, kwa sababu ilikuwa ya mteja. Tukangoja akaitoa, nikajaza fomu, tukaondoka. Kulingana na mkataba, hatukukosea hata mstari mmoja.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa tayari katika huduma, nilikuwa nasoma Kumbukumbu la Torati 24 nikajikuta humo. Mstari wa 6 unakataza kuchukua jiwe la kusagia kama rehani, kwa maana anayelichukua amechukua uhai wa mtu. Mistari ya 10 na 11 inasema mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mdaiwa kutwaa rehani. Asimame nje, mwenyewe amletee. Na kama mdaiwa ni maskini na rehani yake ni vazi, arudishiwe jua linapotua ili apate cha kujifunika.

Nikajiuliza, hivi Mungu aliyeumba mbingu na nchi anajali nini mahali mkopeshaji anaposimama? Somo letu linatoka kwa swali hilo.

1. Wokovu ulitangulia, amri zikafuata

Sisi tunapenda kusema ati Wayahudi walikuwa wanatafuta wokovu kwa sheria, na sisi ni watu wa neema. Hebu tufuate mpangilio wa kitabu cha Kutoka. Damu ya mwana-kondoo iko sura ya 12. Bahari inagawanyika sura ya 14. Amri Kumi zinakuja sura ya 20, na kabla ya amri yoyote Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa Misri. Hakuwaambia wakiwa kwa Farao, "Shikeni hizi kwanza, ndio nione kama nitawatoa." Aliwatoa, halafu akawafundisha jinsi watu huru wanavyoishi.

Kwa Kiebrania amri moja inaitwa mitzvah. Kwa hesabu ya jadi inayopatikana katika Talmudi, amri za Torati ni 613. Kati ya hizo, 248 ni za kutenda na 365 ni za kutotenda. Sisi tukisikia 613 tunaona mzigo. Lakini Myahudi mwenye kushika dini, kabla ya kutimiza nyingi kati ya amri hizo, husema baraka ya kumshukuru Mungu aliyewatakasa kwa amri zake. Kutakaswa maana yake ni kutengwa kuwa mali yake. Fikiria nyumbani kwako. Mtoto wa mgeni humpangii zamu ya kuosha vyombo, unampangia wa kwako. Kupewa zamu ni alama kwamba wewe ni wa nyumba hiyo.

2. Moyo hufunzwa kupitia mikono

Walimu wa kale wa Kiyahudi waliuliza swali kama langu. Mungu anapata faida gani mnyama akichinjwa upande wa koo badala ya kisogo? Jibu lao limehifadhiwa katika Midrashi, yaani mafafanuzi yao ya kale ya Maandiko. Walisema amri zilitolewa ili kuwasafisha wanadamu, kama fundi anavyosafisha fedha. Fikiria fedha ikiwa motoni. Si fundi anayebadilika pale, ni ile fedha.

Angalia vile vishada vya Hesabu 15:37–41. Kila Mwisraeli alitakiwa kuweka vishada kwenye ncha za nguo yake, na ndani yake uzi wa rangi ya samawi, ili akiviona akumbuke amri za Bwana na asifuate tu moyo na macho yake. Mungu anajua tunasahau. Kwa hivyo aliweka ukumbusho mahali mkono unafika kila siku. Yesu mwenyewe alivaa hivyo. Luka 8:44 inasema yule mama aliyetokwa na damu aligusa upindo wa vazi lake, na neno la Kigiriki lililotumika hapo ndilo lililotumika kwa vile vishada katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya kitabu cha Hesabu. Katika Mathayo 23:5 Yesu aliwakemea waliokuwa wanarefusha matamvua yao ili waonekane na watu. Hakulaumu ukumbusho. Alilaumu ukumbusho uliogeuzwa kuwa maonyesho.

Soma pia Walawi 19. Mstari wa 9 unasema ukivuna usimalize pembe za shamba. Hiyo ni sehemu ya maskini na mgeni. Mstari wa 13 unasema mshahara wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Mstari wa 18 ndio ule tunaoupenda wote, wa kumpenda jirani kama nafsi yako. Ona njia Mungu aliyopitia kufika kwa upendo. Alipitia shambani na kwenye malipo ya kibarua.

3. Hata amri isiyoeleweka ina kazi

Si kila amri imepewa sababu. Walawi 19:19 inakataza nguo iliyochanganywa namna mbili, na Kumbukumbu 22:11 inataja sufu na kitani. Maandiko hayaelezi kwa nini. Wako walimu wa Kiyahudi waliosema amri kama hizo ni agizo la Mfalme, na kutii ndiko kunakomfundisha mtu kwamba yeye si mfalme. Musa bin Maimon, mwalimu na tabibu aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204, aliamini kila amri ina sababu hata kama sisi hatuioni. Aliandika kwamba zote zinalenga mambo matatu: kunyoosha imani, kutengeneza tabia, na kuondoa dhuluma kati ya watu.

Rudi mlangoni

Sasa turudi kwa yule mama. Kibiashara tu, tulifanya ujinga. Tulichukua kitu pekee ambacho kingelipa deni. Lakini Torati inaona zaidi ya hesabu. Nyumba ya maskini ni mahali pa mwisho ambapo bado yeye ndiye mwenyewe. Ukisimama nje, unakiri kwamba pesa zako hazijakununulia utu wake. Walimu wa Mishna walisema rehani ikiwa mto wa kulalia, irudishwe usiku, na ikiwa jembe la kulimia, irudishwe mchana. Maana yake mkopeshaji anatembea njia hiyo kila siku, na kila siku anauona uso wa mdaiwa. Ni vigumu kumfanya mtu kuwa nambari tu kwenye daftari kama unamrudishia mto wake kila jioni.

Na mstari wa 13 unasema jambo hilo litahesabiwa kuwa haki kwa nani? Kwa mkopeshaji. Amri ilimlinda maskini, na wakati huohuo ilikuwa inaokoa moyo wa mwenye pesa. Mstari wa 18 unatoa sababu: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri.

Wapendwa, kama sheria ilimsimamisha mkopeshaji nje ya mlango, neema haiwezi kutufungulia tuingie. Katika chama chako, mtu akichelewesha mchango, ukiweka jina lake kwenye grupu ya WhatsApp kabla ya kumpigia simu, umeshaingia nyumbani mwake. Dada anayekusaidia kazi za nyumbani, mshahara wake ukilala kwako na wewe unao, Walawi 19:13 inakuhusu. Tumeokolewa kwa neema, ndiyo. Lakini fedha iliyokombolewa bado inahitaji kusafishwa.

Nilirudi kumtafuta yule mama. Waliokuwa wanaishi pale hawakumjua. Kuna makosa ambayo unatubu bila nafasi ya kurudisha cherehani. Ndiyo sababu namshukuru Mungu kwa amri inayokusimamisha mlangoni mapema.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Ni amri gani ya Torati ulidhani ni mzigo tu? Inafundisha moyo jambo gani?
2. Ni nani anayekudai heshima hata kama wewe unamdai pesa?
3. "Vishada" vyako ni nini? Ni kitu gani cha kila siku kinachokukumbusha wewe ni wa Bwana?

Tuombe: Baba, ulitutoa utumwani kabla hatujakutii. Tufundishe kusimama nje ya mlango wa mwenzetu kwa heshima. Utusafishe, mikono na moyo. Katika jina la Yesu. Amina.