Nzi Wadogo Majumbani: Pa Kuwatafuta na Jinsi ya Kuwamaliza

Masika yanapokolea, nyumba nyingi za Boko, Basihaya na Dovya hujikuta na nzi wadogo: wengine wakizunguka kapu la matunda, wengine wametua juu ya vigae vya bafu, wengine wakipuruka kila chungu cha maua kinaposogezwa. Jambo la kwanza kwa mwenye nyumba huwa ni kuchukua kopo la dawa ya kupuliza. Kwa siku mbili hali hutulia. Siku ya tatu wamerudi. Si lazima dawa iwe mbovu. Imewaua waliokuwa wakiruka, ilhali walio wengi walikuwa bado mayai na funza ndani ya bomba, tunda au tope, mahali ambapo dawa haikufika. Aliyeivuta dawa hiyo ni mtoto aliyelala chumba cha pili.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kumtambua nzi mwenyewe, kwa kuwa kila aina huzaliana mahali pake.

Nzi wa matunda ana rangi ya kahawia iliyofifia na mara nyingi macho mekundu. Hufuata kitu kinachochacha: ndizi iliyoiva kupita kiasi, nyanya iliyopondeka, chupa ya soda iliyobaki na tone, hata tambara la kudekia lililoachwa likiwa bichi nyuma ya mlango. Jike mmoja hutaga mayai mia kadhaa, na katika joto la nyuzi 25 hivi yai huwa nzi kamili kwa takriban siku 8 hadi 10. Maana yake ni kwamba gari la taka likichelewa wiki moja na nusu, kizazi kizima kimekwisha kukamilika ndani ya ndoo ya jikoni. Ndoo ifunikwe, maganda yatolewe kila siku, na tambara lianikwe juani. Mtego wa kikombe chenye siki na tone la sabuni ya maji hufanya kazi, kwa sababu sabuni huudhoofisha utando wa juu wa maji na nzi anayetua huzama. Lakini mtego hupunguza tu; chanzo kikibaki, watazaliwa wengine.

Msimu wa maembe huleta nzi mwingine, mkubwa kidogo, mwenye asili ya Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuonekana Tanzania mwaka huohuo. Yeye hutoboa embe likiwa bado mtini na kutaga chini ya ganda. Funza wakishiba hushuka udongoni na kugeuka nzi humo. Desturi ya kufagia maembe yaliyooza na kuyarundika chini ya mwembe, basi, ni sawa na kuwafuga. Yafukiwe kwa kina cha nusu mita au zaidi, au yafungiwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, ikaachwa kwenye jua kali kwa siku kadhaa.

Anayesumbua zaidi Boko, hata hivyo, ni nzi wa bomba. Ni wa kijivu, ana manyoya, mbawa zake ni pana kama za kipepeo mdogo sana, naye ni mvivu: hutua ukutani na kutulia hapo. Funza wake huishi ndani ya ute mweusi ulioganda kwenye kuta za bomba la sinki na la bafu. Maji ya moto na dawa ya madoa vikimiminwa hupita juu ya ute huo haraka, na wengi wa funza husalimika. Kinachowaondoa ni brashi ya mpini mrefu, kusugua hadi ute ubanduke, kisha maji mengi. Ili kujua ni bomba lipi, mdomo wa bomba uzibwe usiku kwa selotepu, upande wa gundi ukitazama chini, na uachwe upenyo mdogo wa hewa. Asubuhi walionaswa watatoa ushahidi. Bafu la wageni lisilotumika nalo lichunguzwe: maji yanayokaa kwenye kona ya bomba hukauka, na njia kutoka shimoni hadi ndani huwa wazi. Kumimina jagi moja la maji kila wiki kunatosha kuifunga.

Mabomba yakiwa safi na nzi wakaendelea, basi tatizo liko nje, kwenye chemba yenye mfuniko uliopasuka au kwenye shimo la majitaka. Zimbabwe, katika miaka ya 1970, vyoo viwili vya shimo vilifananishwa kwa siku 78. Choo kisicho na bomba la hewa kilitoa nzi zaidi ya 13,000; chenye bomba la hewa kilitoa pungufu ya 150. Bomba lenye wavu juu ndilo siri yake: nzi hufuata mwanga, hupanda bombani na kunaswa. Wavu ukitoboka, faida kubwa imepotea, na ni nyumba chache ambako mtu hupanda kuukagua.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, kulifanyika kazi kubwa zaidi mwaka 1988. Vidonge vyeupe vya povu la plastiki, kama lile linalofungia televisheni ndani ya boksi, vilimwagwa kwenye mashimo ya vyoo hadi vikafunika uso wa maji. Viluwiluwi vya mbu vilikosa hewa na majike wakakosa pa kutaga. Pamoja na dawa za matende walizopewa wananchi, maambukizi yalishuka kutoka karibu nusu ya waliopimwa hadi takriban watu 3 katika 100 ndani ya miaka mitano. Hao walikuwa mbu, lakini shimo ni lilelile. Kwa Boko njia hiyo haifai kila mahali: shimo linalofurika mvua ikinyesha lingevimwaga vidonge vyote mtaroni.

Hapo ndipo linapokuja suala la kutapisha. Anayefungulia shimo lake mvua ikinyesha huokoa gharama ya gari la majitaka, na jirani wa bondeni hupokea nzi, harufu na hatari ya kipindupindu. Afisa afya wa kata ana mamlaka ya kulishughulikia jambo hilo chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Shimo linyonywe kabla ya Machi, barabara zikiwa bado zinapitika.

Nzi weusi wa vyungu vya maua hawahitaji maelezo marefu: udongo uachwe ukauke juu kabla ya kumwagilia tena.

Wapo pia wanaowaita wadudu hawa wote usubi na kuogopa upofu. Nzi anayeeneza ugonjwa wa usubi huzaliana kwenye mito iendayo kasi, kama ile ya Mahenge mkoani Morogoro, wala hatoki kwenye sinki.

Baada ya usafi, nzi wachache wataendelea kuonekana kwa wiki mbili hivi; ni wale waliokuwa tayari wamekomaa au wako njiani. Wakiendelea kuwa wengi baada ya hapo, selotepu iwekwe tena, safari hii kwenye bomba jingine.