SOMO: NAMNA NJEMA YA KUSHIKA SAKSOFONI

Masomo: Zaburi 150, 1 Wakorinto 14:7-8



Katika Zaburi 150 tunaalikwa kumsifu Mungu kwa vyombo vya namna nyingi. Naye Paulo anawakumbusha Wakorinto kwamba chombo kisichotoa sauti wazi kinawaacha watu bila kujua kinachopigwa. Basi, sauti wazi inaanzia wapi? Wengi wanajibu: katika kinywa. Mimi ninasema inaanzia mbele ya kupuliza, katika namna ya kusimama na ya kushika chombo.

1. Chombo chenyewe

Saksofoni ilitengenezwa na Adolphe Sax, mzaliwa wa Dinant katika nchi ya Ubelgiji, naye akaiandikisha huko Paris mwaka 1846. Mwili wake ni wa shaba, lakini sauti inatoka katika ulimi mdogo wa tete unaotikisika kwenye beki. Ndiyo sababu walimu wa muziki wanaihesabu katika jamaa ya klarineti, wala si ya tarumbeta.

Alto ina uzito wa karibu kilo 2 na nusu. Tenori inapita kilo 3. Uzito huu nani anaubeba? Hili ndilo swali kubwa la somo letu.

2. Kamba inabeba, vidole vinacheza

Uzito unabebwa na kamba ya shingo. Vaa kamba kwanza, ndipo ufunge kulabu yake katika pete iliyo nyuma ya chombo. Kisha simama wima, tazama mbele, na ufupishe kamba mpaka beki ifike yenyewe kwenye midomo yako. Chombo kije kwa kichwa, kichwa kisikifuate chombo. Ukilazimika kuinama, kamba ni ndefu. Ukiinua kidevu, kamba ni fupi.

3. Mikono miwili

Mkono wa kushoto unakaa juu, mkono wa kuume chini. Usisahau hata siku moja.

Kidole gumba cha kushoto kinakaa juu ya kituo chake nyuma ya chombo, karibu na ufunguo wa oktava, kiweze kuufikia bila kuondoka mahali pake. Kidole gumba cha kuume kinaingia chini ya kile kidoano cha nyuma. Kazi yake ni kusukuma chombo mbele kidogo ili kisiyumbe. Si kazi yake kukiinua.

Vidole vingine vipinde kama vya mtu anayeshika chungwa. Vikae karibu na vifungo, vivibonye kwa nyama ya ncha. Mtu anayeinua vidole juu sana anachelewa wakati wimbo unapokwenda mbio.

4. Mwili wote

Mabega yashuke. Viwiko viachane kidogo na mbavu, ili kifua kipate nafasi ya pumzi. Meno ya juu yaguse beki, mdomo wa chini ufunike kidogo meno ya chini. Beki ikikaa upande, izungushe, usipinde shingo.

Ukiketi, keti sehemu ya mbele ya kiti, miguu yote miwili chini. Tenori ikae upande wa kuume. Alto inaweza kukaa mbele, katikati ya magoti, au upande wa kuume, kwa kadiri ya urefu wa mtu. Katika maandamano, kanyaga polepole na ulegeze magoti, maana kila kishindo cha kisigino kinapanda mpaka kwenye meno.

5. Ushuhuda

Ninawaeleza kosa langu mwenyewe. Kijana mmoja wa alto alikuwa anatoa sauti nyembamba, na baada ya kila wimbo anashusha chombo na kutikisa mkono. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Jumapili mbili hakuonekana.

Nilipofika kwao, mama yake alinionyesha kidole gumba chake cha kuume. Kilikuwa kimevimba. Kijana akasema kwa sauti ndogo: «Baba Shemasi, kamba ilikatika.» Ile ya kwanza iliharibika, naye alikuwa amefunga kamba ya nailoni ya magunia, ndefu, isiyoweza kufupishwa. Kwa miezi mingi alikuwa anabeba chombo chote kwa kidole kimoja, akiogopa kutuambia.

Wandugu, chombo kile ni cha kanisa. Kamba ilikuwa deni letu sisi viongozi, nami nilimdai mtoto. Nilimwomba msamaha pale pale mbele ya mama yake, na Jumapili nikamwomba tena mbele ya wale waliosikia nikimtukana. Fundi wa viatu alitushonea kamba ya ngozi pana yenye bizimu. Kidole kilipopona, kijana alirudi, na sauti yake leo inasikika mpaka barabarani.

Tangu siku ile, mbele ya kila mazoezi, ninakagua kamba zote kwa mkono wangu. Na kijana akisema anaumia, tunasimama kwanza, tunatazama. Maumivu ya mkono, ganzi au shingo ngumu ni alama kwamba kuna kitu cha kusahihisha. Yasipokwisha, aende kwa muganga wa hospitali.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Uzito wa saksofoni unabebwa na nini?
2. Utajuaje kwamba kamba yako ni ndefu?
3. Kidole gumba cha kuume kina kazi gani?
4. Katika fanfari yetu, nani anaumia bila kusema? Tumemuuliza?

Bwana aimarishe mikono yenu. Amina.