SOMO: MBEGU YA BABA NA YA MAMA INAGAWANYIKA NAMNA GANI?

Mutoto akionekana kuwa na anemi SS, jamaa wanauliza: «Ugonjwa huu umetoka kwa nani?» Wengine wanasema ni ulozi. Wengine wanafukuza bibi, eti damu yake ni mbaya. Tujifunze namna mbegu ya uzazi inavyotengenezwa, ndipo tutajua ukweli.

1. Nyuzi za urithi

Mwili wa mutu umejengwa kwa selule, ni kusema vijumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ndani ya selule muna nyuzi 46 zinazoitwa kromozome. Zinakwenda mbili mbili: 23 zilitoka kwa baba, 23 kwa mama. Kama kila muzazi angetoa nyuzi zote 46, mutoto angekuwa na 92. Haiwezekani. Kwa hiyo mbegu inapaswa kubaki na nusu.

2. Mwanzo wa kugawanyika

Kwanza, kila uzi unajifanyia mfano wake. Kisha uzi uliotoka kwa baba na mwenzake uliotoka kwa mama zinakaribiana, zinalala sawa mapacha katika kitanda kimoja, na kubadilishana vipande. Ndiyo sababu watoto wa tumbo moja hawafanani kabisa. Nyuma yake zinaachana: moja huku, ingine kule. Selule inakuwa mbili. Inagawanyika tena mara ya pili, na mifano nayo inaachana. Mwishowe mbegu ina nyuzi 23.

Kwa mwanaume kazi hii inaanza akibalehe. Kwa mwanamke inaanza yeye mwenyewe akiwa bado ndani ya tumbo la mama yake! Kisha inasimama, inangojea miaka mingi mpaka yai lipevuke. Basi mama, si wewe uliyechagua uzi gani uende wapi.

3. Anemi SS inatoka wapi?

Agizo moja la kutengeneza damu nyekundu liko juu ya uzi namba 11. Likiwa zuri tunaliita A. Likiwa na kosa la anemi hii, ni S. Mutu wa AS ni muzima, mara nyingi hajui kitu. Lakini AS akioana na AS, kila mumoja anaweza kutoa A ao S. Katika kila mimba, nafasi 1 kati ya 4 mutoto ni AA, nafasi 2 ni AS, nafasi 1 ni SS.

Usiseme: «Wa kwanza ni SS, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima.» Hapana. Kila mimba inaanza hesabu mpya. Na mutoto SS alipokea S moja kwa mama na S moja kwa baba. Hakuna wa kufukuzwa.

4. Tufanye nini?

– Vijana wapimwe damu mbele ya kuoana.
– Mutoto akivimba mikono na miguu, akilia maumivu ya mifupa, macho yakiwa manjano, mupeleke apimwe.
– Mutoto SS anywe maji mengi, alale ndani ya mustikere, apate chanjo zote na dawa alizoandikiwa.
– Akipata homa, usingoje kesho. Mulete hospitali siku ileile.

Maulizo

1. Mbegu ya baba ina nyuzi ngapi?
2. Kwa nini si haki kulaumu mama peke yake?
3. Baba wa mutoto wako amekwisha kupimwa? Mwambie aje pamoja nawe.