Elimu kwa Wananchi: Kuchoma Santuri Tofauti kwa Pamoja katika Kompyuta Moja

Msimu wa harusi na mahafali unapowadia, vibanda vya video katika kata huelemewa na kazi. Siku hiyo hiyo familia hudai DVD za harusi, shule hudai za mahafali, na kwaya hudai za nyimbo zake. Mwenye kibanda ana kompyuta moja tu. Akichoma moja baada ya nyingine, wateja hukesha mlangoni; akichoma zote kwa pamoja pasipo mpango, huenda akaziharibu zote. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa usalama.

Vifaa na programu

Kila santuri huhitaji draivu yake. Draivu za ndani ziunganishwe kila moja kwa waya wake wa SATA. Katika kompyuta za zamani, draivu mbili zilizo kwenye waya mmoja wa IDE hupokezana njia, na mwendo hupungua.

Programu nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Zipo zinazotumia draivu nyingi, lakini kwa kutoa nakala za santuri ile ile tu. Kwa santuri tofauti, programu hufunguliwa mara kadhaa, na kila dirisha hupewa draivu yake. ImgBurn ni mojawapo ya programu zinazoruhusu jambo hilo.

Hesabu ya kasi

Draivu inayochoma ni kama kinu cha kusaga: nafaka isipofika, kazi husimama. Kasi ya 1x ya DVD ni takriban megabaiti 1.4 kwa sekunde. Draivu tatu zikichoma kwa 8x huhitaji jumla ya megabaiti 33 hivi kila sekunde. Kwa 16x huhitaji zaidi ya 66. USB 2.0 haipitishi zaidi ya megabaiti 60 kwa sekunde hata kinadharia, na kwa vitendo hupitisha pungufu ya hapo. Aidha, diski kuu inayosoma mafaili matatu kwa zamu hupoteza muda mwingi ikihama kutoka faili moja hadi jingine.

Data ikikatika, draivu za kisasa husimama, husubiri, kisha huendelea. Draivu za zamani zisizo na kinga hiyo huiharibu santuri, na DVD-R iliyoharibika haichomwi tena.

Kwa hiyo ni busara kuchagua 4x. DVD iliyojaa gigabaiti 4.7 huchukua takriban dakika 15 kwa kasi hiyo, na draivu tatu huhitaji megabaiti 17 tu kwa sekunde. Robo saa kwa santuri tatu ni mwendo mzuri.

Utaratibu wa kazi

Kwanza, kila kazi iandaliwe mapema kuwa faili moja la ISO, kwa kuwa mafaili madogo mengi huchelewesha usomaji. Pili, ikiwa kompyuta ina diski kuu mbili, mafaili hayo yagawanywe baina yake. Tatu, kila draivu na kila santuri iandikwe jina la kazi kabla ya kuanza, ili harusi isiangukie mikononi mwa shule. Nne, kazi nyingine katika kompyuta zisimamishwe hadi uchomaji umalizike.

Uhakiki kabla ya kufuta

Hatua hii ndiyo hurukwa mara nyingi, na ndiyo yenye hasara kubwa. Programu ikitangaza kuwa imemaliza, santuri isomwe upya na kulinganishwa na faili la asili, kisha ijaribiwe katika deki nyingine. Wapigapicha wengi hufuta kadi ya kamera ili waitumie katika shughuli ifuatayo. Kadi ikifutwa ilhali santuri ni mbovu, sauti ya babu aliyewausia maharusi haitarudi tena, wala hakuna fidia itakayoirejesha.

Wenye vibanda wanashauriwa kutofuta kadi kabla ya uhakiki. Wananchi nao, wanapopokea santuri, waombe ichezwe mbele yao kabla ya kulipa.