Vazi la haramia kwa shilingi 600: panga, nunua na ulipe bila kuchomeka

Muhula wa kwanza ukifika, shule nyingi za Migori na Homa Bay huingia kwenye michezo ya kuigiza. Mwalimu anatuma meseji kwenye kikundi cha wazazi: mtoto wako amechaguliwa kuwa haramia, vazi liwe tayari baada ya wiki tatu. Mtoto ana furaha, lakini mzazi anapiga hesabu. Karo bado, unga umepanda, na sasa haramia!

Habari njema ni kwamba maharamia hawakuwa watu wa nguo mpya. Vazi lao zuri ni lile kuukuu, lenye viraka na lililochakaa. Kwa hivyo hili ni vazi la bei nafuu, mradi upange kabla ya kutoa pesa. Katika somo hili tutapitia mambo manne: kujua unachohitaji, kuweka pesa kidogo kidogo, kununua na kulipa kwa njia salama, na kusimamia mchango wa wazazi bila kelele.

1. Uliza kwanza: haramia wa wapi?

Kabla ya kununua chochote, muulize mwalimu mchezo unahusu nini. Swali hili halina gharama na linaweza kukuokolea nusu ya bajeti.

Haramia wa sinema, mwenye kofia ya pembe tatu, kiraka jichoni na kasuku begani, ametokana sana na vitabu vya Ulaya. Riwaya ya Robert Louis Stevenson ya mwaka 1883, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliijua kama Kisiwa Chenye Hazina, ndiyo iliyomfanya haramia wa mguu mmoja mwenye kasuku kuwa maarufu. Huyu ndiye mwenye vitu vingi vya kutengeneza.

Haramia wa pwani yetu ni tofauti. Mwaka 1589 Wareno walimkamata Mombasa nahodha Mturuki aitwaye Ali Bey, aliyekuwa amewasumbua sana katika pwani ya Afrika Mashariki. Mchezo ukiwa wa aina hii, kanzu ya zamani, kilemba na mshipi wa kitambaa vinatosha. Hakuna haja ya kofia ya kadibodi.

Kisha kuna haramia wa ziwa. Wavuvi wa Muhuru Bay, Sori, Mbita na visiwani hawahitaji kusomewa kitabu ili wamjue: ni yule anayekuja usiku kuchukua mashine ya boti, nyavu na samaki. Huyu huvaa kaptula, fulana iliyofifia na kofia ya sufu. Vyote huenda viko nyumbani tayari. Ila tahadhari moja: darasani huenda kuna mtoto ambaye babake aliporwa mashine, na deni la ile mashine bado linalipwa. Kama mchezo ni wa ziwani, zungumza na mwalimu mapema, ili haramia asigeuzwe shujaa mbele ya mtoto kama huyo.

2. Kagua nyumbani kabla ya kwenda sokoni

Chukua karatasi, andika kila kitu kinachohitajika, kisha weka alama kwenye vile ulivyo navyo:

- Suruali ya zamani ya shule: ikatwe chini ya goti kwa meno ya msumeno.
- Leso iliyochakaa: inageuka mshipi wa kiunoni.
- Fulana ya mistari ya kaka mkubwa: mikono mirefu ikunjwe.
- Maboksi ya dukani: kadibodi ya kofia na upanga. Mwombe mwenye duka, wengi hutoa bure.
- Kipande cha wavu kuukuu: watu wa ufuoni wanazo. Omba kwa mwenyewe, usijichukulie. Uoshe kwa sabuni mara mbili uondoe harufu, na uhakikishe hakuna ndoana iliyobaki.

Ukimaliza, orodha ya kununua itakuwa imepungua sana. Kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye bajeti.

3. Bajeti ya mfano

Huu ni mfano tu. Bei za Oyugis si za Rongo, na bei ya asubuhi si ya jioni. Lakini mpangilio ni huu:

- Shati jeupe la mitumba: 150
- Kitambaa chekundu cha kichwa, nusu mita: 80
- Fundi, kukata suruali na kubana kiuno: 100
- Gundi: 50
- Karatasi nyeusi ya manila: 40
- Lastiki ya kiraka cha jicho: 20
- Boda boda kwenda sokoni na kurudi: 100
- Ada za miamala na dharura: 60

Jumla: shilingi 600.

Angalia mistari miwili ya mwisho. Wengi husahau nauli na ada, halafu wanashangaa kwa nini mia tano haikutosha. Hizo pia ni gharama za vazi.

Sasa, kupata 600 kwa mkupuo ni kazi. Lakini shilingi 30 kwa siku, kwa siku 20, ni 600 kamili. Iweke kwenye akaunti ya akiba ya simu, si kwenye salio la kawaida. Pesa iliyo kwenye salio la kawaida ina miguu: leo inanunua airtime, kesho nyanya. Ukiweza kuifunga mpaka tarehe fulani, ifunge mpaka siku moja kabla ya kwenda sokoni.

4. Sokoni: nunua kwa akili

Nguo zilizotolewa tu kwenye beli, zile bora tunazoita kamera, ndizo ghali. Haramia hahitaji kamera. Nenda kwenye rundo la chini, lile la kuchambua mwenyewe. Shati lenye doa kwenye kola au lililokosa kifungo litapunguzwa bei, na kwa vazi hili kasoro hiyo ni pambo.

Mazungumzo huwa hivi:

— Mama, hii shati ni pesa ngapi?
— Mia mbili, kastoma wangu.
— Haina vifungo viwili, mama. Nipunguzie, ni ya mtoto wa shule.
— Haya, leta mia na hamsini.
— Asante. Nalipa kwa simu, uko na till?

Swali hilo la mwisho ni muhimu. Kuna njia tatu za kulipa, na gharama zake hazifanani:

*Nambari ya till.* Mteja hatozwi ada kwa kulipa. Jina la biashara linaonekana kwenye meseji, na meseji hiyo ni risiti yako.

*Kutuma kwa nambari ya simu ya muuzaji.* Hapa unatozwa ada ya kutuma kulingana na kiasi. Kama unanunua vitu vitatu kwa muuzaji mmoja, lipa vyote mara moja. Ukituma mara tatu unaweza kulipa ada mara tatu.

*Pesa taslimu.* Wauzaji wa vitu vidogo, kama lastiki ya 20, wanapenda noti na sarafu. Hesabu utahitaji kiasi gani cha mkononi, kisha utoe kwa wakala mara moja. Kutoa mia mbili mara tatu kunaweza kukugharimu ada tatu, wakati kutoa mia sita mara moja ni ada moja.

Njia yoyote utakayotumia kwenye simu, soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka PIN. Muulize muuzaji, "Hili ndilo jina lako?" Ni sekunde tano tu. Ukituma kimakosa, anza utaratibu wa kurudisha pesa papo hapo kupitia huduma kwa wateja. Usisubiri kufika nyumbani, kwa sababu aliyepokea akishaitoa, kuirudisha kunakuwa kugumu zaidi.

Kwa walio karibu na Isebania: upande wa Sirari kuna vitambaa vizuri, lakini kutuma pesa kwa nambari ya Tanzania si sawa na kutuma kwa jirani. Kuna ubadilishaji wa fedha na ada yake. Angalia jumla yote kabla ya kukubali bei.

5. Tengeneza jioni mbili

*Kofia.* Pima kichwa cha mtoto kwa kamba. Kata mkanda wa kadibodi wa urefu huo, ongeza vidole vitatu vya kuunganishia. Kata vipande viwili vyenye umbo la nusu mwezi, kimoja mbele, kingine nyuma, vibandike kwenye mkanda na ufunike kwa manila nyeusi. Acha gundi ikauke usiku mzima.

*Kiraka cha jicho.* Kata kitambaa cheusi chepesi, shona lastiki. Mtoto akivae akiwa jukwaani tu, na afanye mazoezi nacho. Jicho moja likifunikwa ni rahisi kukosea ngazi na kuanguka.

*Upanga.* Kadibodi mbili zilizobandikwa pamoja, na ncha ikatwe duara. Panga halisi libaki shambani, hata kama ni butu.

*Ndevu.* Tumia wanja. Usitumie kalamu ya wino usiofutika wala rangi ya viatu kwenye ngozi ya mtoto.

6. Mchango wa darasa bila maneno

Maharamia wakiwa 12, kununua pamoja kunalipa. Tuseme kitambaa ni 160 kwa mita na kila mtoto anahitaji nusu mita. Kila mzazi akienda peke yake analipa 80. Mkinunua mita sita kwa pamoja na mpunguziwe hadi 140, jumla ni 840, yaani 70 kwa kila mtoto. Nauli ndiyo yenye faida kubwa zaidi: badala ya safari 12 za mia moja, mnalipa safari moja, ambayo ni chini ya shilingi tisa kwa kila mzazi.

Lakini mchango ndio huleta ugomvi. Fuateni kanuni hizi:

1. Chagueni mweka hazina mmoja, na mtu wa pili wa kuhakiki hesabu.
2. Jina lake kamili, jinsi linavyoonekana kwenye simu, litangazwe kwenye mkutano au na mwalimu mwenyewe, si kwenye kikundi cha WhatsApp pekee.
3. Kila anayetuma aandike jina la mtoto, ili isije ikasemwa "mimi nilituma".
4. Pesa za watoto zisichanganywe na za biashara ya mweka hazina. Bora zikae kwenye akaunti ya kikundi au laini tofauti.
5. Baada ya kununua, orodha ya waliotoa, bei na salio lililobaki itumwe siku hiyo hiyo.

Na mzazi asiyeweza kutoa kwa wakati? Aruhusiwe kutoa kazi badala ya pesa: kushona, kukata kadibodi, au kuleta nyavu kutoka ufuoni. Mtoto asiachwe nje ya mchezo kwa sababu ya shilingi sabini.

7. Matapeli nao hupenda msimu huu

- *"Nambari ya mweka hazina imebadilika, tuma kwa hii."* Usitume. Piga simu kwa nambari unayoijua ya mwalimu au mweka hazina, umsikie kwa sauti.
- *"Nakodisha mavazi ya maharamia, tuma nusu ya pesa nikuhifadhie."* Picha si bidhaa. Kama hujaliona vazi na hamjui mwenyewe, lipa ukilishika.
- *"Nimetuma kwako kimakosa, nirudishie."* Angalia salio lako kwanza, si meseji. Kama kweli pesa imeingia, mwambie aombe irudishwe kupitia huduma kwa wateja.

Na jambo tusilochoka kurudia: PIN yako ni yako peke yako. Sisi hatutakuuliza, wala wakala, wala mwalimu.

8. Usikope kwa ajili ya kofia

Ni rahisi kubonyeza kukopa salio likiwa chini. Lakini mkopo wa simu una ada, na pesa ya kwanza itakayoingia itakatwa. Inaweza kuwa ndiyo uliyotegemea kwa karo au kwa omena za kuuza kesho. Kama 600 haipatikani, punguza vazi: acha shati, tumia fulana iliyopo, baki na kitambaa cha kichwa, kiraka na upanga. Hiyo ni 80, 20, 50 za gundi na 40 za manila: jumla 190, bila kuhesabu nauli. Mtoto bado ni haramia, na huna deni.

Jipime

1. Umenunua shati la 150 na kitambaa cha 80 kwa muuzaji mmoja asiye na till. Utatuma mara ngapi?
2. Meseji inasema nambari ya mweka hazina imebadilika. Hatua ya kwanza ni gani?
3. Kwa nini akiba ya vazi isikae kwenye salio la kawaida?

Majibu: mara moja, shilingi 230, kupiga simu kwa nambari unayoijua kabla ya kutuma chochote, kwa sababu itatumika kwa mambo mengine kabla ya siku ya soko.

Mchezo ukiisha, osha vazi, likunje na ulihifadhi pamoja na la wenzake shuleni. Mwakani kutakuwa na haramia mwingine, na mzazi wake atashukuru.